Ploti ni ya kampuni, mbona kodi inaingia kwa simu ya kijana?

Tarehe 5 ya mwezi ikifika, mpangaji wa Umoja Innercore anatoa simu, anatuma kodi ya nyumba, anasubiri ujumbe. Kibao cha langoni kinasema jengo ni mali ya kampuni. Ujumbe unaoingia unataja jina la kitindamimba wa mwenye nyumba. Mpangaji hana shida na hilo, mradi asifungiwe mlango. Lakini siku kampuni itakapoenda benki kutaka mkopo wake ubadilishwe, jina hilo ndilo litakalowasumbua.

Wenye ploti wa Kayole, Tassia, Pipeline na Donholm wanatuuliza sana kuhusu jambo hili, na sababu inajulikana. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Agosti mwaka huo ikaanza kuishusha, na kufikia Agosti 2025 ilikuwa asilimia 9.5. Aliyekopa wakati riba iko juu anaona jirani akipata mkopo wa bei nafuu, naye anajiuliza: si nitafute benki nyingine inunue mkopo wangu, nami nipumue?

Maoni yetu ni kwamba wazo ni zuri, lakini kwa kampuni nyingi za familia huku Eastlands, kazi ya kwanza haiko benki. Iko kwenye simu.

Familia husajili kampuni kwa sababu nzuri. Mzee akiaga, watoto wanagawana hisa na jengo linabaki zima. Mbele ya sheria kampuni ni mtu anayejitegemea: ana mali yake, madeni yake na PIN yake ya ushuru. Tatizo ni kwamba mtu huyu pesa zake hazionekani. Kodi nyingine iko kwa simu ya kijana, nyingine kwa keateka, nyingine imelipwa mkononi. Karo inatoka humo humo, fundi wa bomba analipwa humo humo. Benki ikiomba taarifa za akaunti ya kampuni za mwaka mzima, haioni kitu. Nyumba 24 zimejaa watu, lakini kwenye karatasi hakuna hata mpangaji mmoja.

Hapo benki inaweza kukunyima, au ikupe kwa masharti makali. Na hata ikikubali, mara nyingi wakurugenzi hutakiwa watie sahihi dhamana binafsi. Wengi hutia bila kusoma. Ile "Limited" iliyo kwenye jina la kampuni haikukingi tena kwa deni hilo: kampuni ikishindwa kulipa, unafuatwa wewe, na pengine nyumba unayolala. Kampuni yenye rekodi safi ya mapato angalau ina la kusema kuhusu dhamana hiyo. Isiyo na rekodi inapokea inachopewa.

Tuseme sasa benki imekubali. Bado kuna mtego wa pili, nao ni awamu ndogo. Chukua mfano: kampuni imebakiza deni la Sh4 milioni kwa riba ya asilimia 18, na miaka 5 ya kulipa. Kila mwezi inalipa kama Sh101,600. Benki mpya inaleta asilimia 15 kwa miaka 10. Awamu inashuka hadi kama Sh64,500, na nyumbani kuna sherehe. Lakini piga hesabu hadi mwisho. Mkopo wa zamani ungemaliza kama Sh6.09 milioni, huu mpya utamaliza kama Sh7.74 milioni. Riba imeshuka, na bado umeongeza zaidi ya Sh1.6 milioni. Ukichukua asilimia 15 hiyo hiyo na kubaki na miaka yako 5, unalipa kama Sh95,200 kwa mwezi na kuokoa karibu Sh385,000. Kutoka hapo toa ada ya wakili, ada ya mthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo, na faini ya kumaliza deni mapema kama mkataba wa zamani unayo. Kinachobaki ndicho faida yako.

Kuna wakati miaka mingi inafaa, kwa mfano nyumba zikikaa tupu na awamu ikawa inakula chakula cha watoto. Basi ichukue ukijua bei yake. Tusichokubali ni mtu kuambiwa ameokoa pesa wakati ameongezewa muda tu.

Usisahau ushuru pia. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za kuishi hutozwa asilimia 7.5 ya mapato yote, kwa anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Hapo riba ya mkopo haikatwi kwanza. Nyumba 24 za Sh8,000 zikijaa zinaleta Sh192,000 kwa mwezi, na KRA wanataka Sh14,400 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe na deni au usiwe nalo. Anayetaka kutozwa kwa faida baada ya gharama humwandikia Kamishna. Mwone mhasibu kwanza.

Mwamba ngoma huvutia kwake, nasi tunauza huduma za malipo, hatufichi. Lakini ushauri huu unafaa hata ukienda kwa wenzetu, hata wapangaji wakilipa moja kwa moja benki. Fungueni nambari ya Paybill kwa jina la kampuni, iliyounganishwa na akaunti ya kampuni. Kila mpangaji aandike nambari ya mlango wake. Kijana na keateka walipwe mshahara, wasiwe benki. Mzee akitaka pesa, achukue kama mshahara au gawio, na iandikwe. Hakikisheni hati miliki iko kwa jina la kampuni, maana cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi benki nyingi hazikikubali. Mkikopa, hakikisheni wakili ameandikisha rehani mpya kwa Msajili wa Kampuni ndani ya siku 30, na ile ya zamani imefutwa.

Fanyeni hivyo mwaka mmoja, kisha mwende benki mbili tatu mkilinganisha bei. Kwa sasa, mwombe mpangaji wako akuonyeshe ujumbe wa kodi ya mwezi huu. Kama jina lililo pale si la kampuni, kwenda benki bado ni mapema.