Usione vyateleza, vimeundwa

Huenda msomaji akajiuliza nina kisa gani hata nikaacha masuala ya sarufi na kuandika juu ya skii, zile mbao ndefu nyembamba ambazo wenyeji wa nchi za baridi hujifunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Sisi tuishio penye ikweta, ambao theluji tuijuayo ni ile kofia nyeupe ya Kirinyaga inayozidi kupungua, yatuhusu nini hayo?

Yatuhusu. Mwaka 1998, Mkenya mwenzetu Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye utepe akamkumbatia. Mwaka 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akawa Mkenya wa kwanza wa kike kushiriki michezo hiyo, ilipofanyika Pyeongchang, Korea Kusini. Fauka ya hao, wako Wakenya wengi wasiotajwa magazetini, wanafunzi, wauguzi na walioolewa ugenini, wanaoishi Ujerumani, Uswisi na Kanada. Theluji iangukapo, hualikwa na wenzao kwenda milimani, nao huona haya kukataa. Hao ndio ninaowaandikia leo.

Nami niliwahi kuwa mmoja wao. Nilipokuwa masomoni Bayreuth, Ujerumani, nilinunua skii kuukuu katika soko la mitumba, nikazichagua kwa sababu moja tu: zilikuwa nyekundu na zenye kumetameta. Kisha nikazipeleka dukani ili vifungio virekebishwe vilingane na mabuti yangu. Kifungio ndicho kinachoshika buti juu ya skii. Ndani yake mna springi, na kazi yake ni mbili zinazopingana: kulishika buti barabara wakati wa kuteleza, na kuliachilia mara moja mtu aangukapo.

Muuzaji akanipa fomu. Iliuliza uzito wangu, kimo, umri na aina yangu ya uchezaji. Aina ya kwanza ni mtu aendaye polepole katika miteremko mipole. Ya pili ni wa wastani. Ya tatu ni mwenye kasi asiyeogopa miteremko mikali. Mimi sikuwa nimewahi kukanyaga theluji ila kuelekea maktabani. Hata hivyo, niliona aibu. Vipi mtu mzima, tena mwenye shahada ya pili, aandikwe katika kundi moja na watoto wa chekechea? Nikatia alama kwenye aina ya pili, na nilipoulizwa kama nina hakika, nikaitikia kwa kichwa.

Fundi alitumia bisibisi kukaza springi kulingana na maneno yangu. Jumamosi iliyofuata, katika milima ya Fichtelgebirge, nilianguka nikiwa katika mwendo wa kobe. Mwili ulikwenda kushoto, skii ikabaki kulia, na kifungio, kwa kuwa kilikuwa kimeambiwa kinamshika mtu stadi, hakikuachilia. Nilivunjika mfupa wa muundi, nikakaa na plasta hadi theluji yote ikayeyuka. Sikuwa na wa kumlaumu. Duka lilifanya kazi yake sawasawa. Aliyesema uongo ni mimi.

Kwa hivyo, neno langu la kwanza kwa mnunuzi ni hili: semeni kweli mbele ya fomu. Msiongeze ustadi, wala msipunguze uzito au umri kwa kuona haya. Namba inayowekwa kwenye kifungio hutokana na majibu hayo pamoja na urefu wa soli ya buti, na mtu wa miaka 50 na zaidi huwekewa namba ya chini kuliko kijana wa uzito uleule. Wala sidai kwamba kifungio kilichorekebishwa vyema huzuia kila jeraha. Vifungio vya kisasa vimepunguza sana kuvunjika kwa muundi, lakini kano za goti bado huchanika. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kwenda taratibu.

La pili ni mpangilio wa ununuzi. Wengi wetu huanza na skii kwa kuwa ndiyo inayoonekana, ilhali kinachostahili kuanza ni buti. Livaeni na soksi moja nyembamba. Mkisimama wima, vidole viguse ncha ya mbele kidogo tu. Mkikunja magoti, virudi nyuma, na kisigino kisiinuke. Buti linalopwaya halitoi amri kwa skii, na linalobana sana hufisha miguu kwa baridi. Tena jihadharini na mabuti ya zamani mno: plastiki yake hukauka kwa miaka na yaweza kupasuka ghafla mlimani.

Baada ya buti, tazameni kifungio. Viwanda vina orodha ya vifungio ambavyo bado vinavidhamini. Kisichokuwamo, fundi mwaminifu atakataa kukirekebisha. Basi kabla ya kumlipa muuza mitumba, ulizeni dukani kama kifungio hicho kingali kinakubaliwa. Kuuliza si ujinga. Skii ya bei ya bure yenye kifungio kilichokataliwa ni ubao wa kupamba ukuta.

Skii yenyewe ndiyo ya mwisho. Anayeanza kuteremka milimani atafute iliyo fupi, ambayo ikisimamishwa hufika kati ya kidevu na pua yake, kwani ni rahisi kuigeuza. Asivutwe na zile ndefu zilizonyooka kama rula. Hizo ni za kabla ya miaka ya 1990 kuleta umbo lililobonyea kiunoni, ambalo hujipinda lenyewe mtu ailazapo skii ubavu. Ajue pia kwamba skii za akina Boit ni aina nyingine kabisa: ni nyembamba, nyepesi, na kisigino hubaki huru, kwa kuwa zimekusudiwa mbio za nyikani. Aliyealikwa kwenye mteremko akanunua hizo atakuwa amekwenda kuvua papa kwa ndoana ya dagaa.

La tatu ni utunzaji, na hapa ndipo Mswahili asipopaswa kuwa mgeni. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mafundi wa Lamu hawashushi jahazi majini kabla ya kulipaka deheni kwa chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Watu wa Norway nao, skii zao zilipokuwa za mbao tupu, walizipaka lami ya msonobari ili zisinywe maji. Siku hizi upande wa chini ni plastiki, nao hupakwa nta. Nta huyeyushwa kwa pasi isiyofuka moshi, ikaachwa ipoe, ikakwaruzwa kwa kipande cha plastiki, kisha ikapigwa brashi. Baridi ikiwa kali, chembe za theluji huwa ngumu na zenye ncha, hivyo huhitaji nta ngumu. Theluji ikilainika na kulowa, nta laini ndiyo ifaayo. Mkipewa makopo ya zamani, epukeni nta zenye florini. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilizipiga marufuku kabisa mashindanoni kuanzia msimu wa 2023/24 kwa sababu ya madhara yake kwa afya na mazingira.

Pembeni mwa skii mna makali ya chuma, ambayo hunolewa kwa tupa. Chuma ni chuma: kikilala na maji, huota kutu. Pangusa skii kila jioni, usizifungie mkobani zikiwa zimelowa, na msimu ukiisha zipake nta nzito bila kuikwaruza, uziweke mahali pakavu pasipo joto hadi theluji nyingine.

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba nimeyaeleza haya yote kwa nta, tupa, pasi, makali, buti na kifungio. Ni neno moja tu nililolazimika kuazima, nalo ni skii. Wako wasomi wenzangu wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kuzungumzia mambo ya kigeni mpaka kamati ya istilahi ikutane. Sikubaliani nao. Kilichopungua si msamiati. Ni nia ya aliyetangulia kukaa na mgeni na kumweleza. Siku ile dukani niliisoma fomu ya Kijerumani nikaielewa neno kwa neno, lakini sikuelewa kwamba alama yangu ingegeuka kuwa mizunguko ya bisibisi. Lau Mkenya mmoja aliyenitangulia angeniambia kwa lugha yetu, "Ndugu, hapo andika kwamba hujui," ningemsikia, na hata haya ingeniondoka.

Basi nyinyi mlioko huko na mmekwisha kujua, msiwaachie wageni wenu fomu na muuzaji peke yao. Fuataneni nao dukani. Na wewe unayealikwa mlimani kwa mara ya kwanza, tia alama kwenye aina ya kwanza bila kuinamisha kichwa. Hata Boit alimaliza wa mwisho, na bingwa wa dunia akamsubiri.