Koti la Mvua Lifuliwe

Wapo waongoza watalii na wakodishaji wa vifaa pale Moshi wanaoapa kwamba koti la mvua halifuliwi. Ukilifua, wanasema, dawa ya kuzuia maji inatoka na maji yanaanza kupenya. Basi koti linashuka Kilimanjaro na jasho, vumbi la uwanda wa Shira, moshi wa jikoni na mafuta ya kukinga jua, linafutwafutwa kwa kitambaa kibichi, linatundikwa kumsubiri mteja wa kesho. Uvivu huo umepewa jina la utaalamu.

Makoti mengi ya mlimani, Gore-Tex na wenzake, yana utando mwembamba uliogandishwa nyuma ya kitambaa cha nje. Utando wa Gore-Tex wa awali, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969 huko Marekani, una vitundu vidogo mno: tone la maji halipenyi, mvuke wa jasho unapita. Kitambaa cha nje nacho hutiwa dawa inayoyafanya maji yaviringike na kudondoka. Uchafu ukitanda juu yake, kitambaa kinalowa chepechepe, mvuke unakosa pa kutokea, jasho linageuka maji humo humo ndani. Mpandaji anafika kambi ya Machame shati limemganda mgongoni, anaapa koti linavuja. Wapi! Kalowa jasho lake mwenyewe. Na mafuta ya mwili yakiachwa muda mrefu hudhoofisha hata gundi inayoshika utando.

Kufua kunakoharibu kupo, sikatai: jiki, dawa ya kulainisha nguo, sabuni ya unga inayoacha masalia. Lakini soma lebo, funga zipu, tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo, suuza mara mbili. Lebo ikiruhusu pasi, koti likishakauka lipige kwa moto mdogo, kitambaa kikiwa katikati. Joto huiamsha ile dawa. Kisha nyunyizia maji. Yakitanda badala ya kuviringika, dawa ya kupulizia inauzwa. Ila koti linalobanduka magamba kwa ndani, hilo achana nalo.

Mpagazi anayenunua koti la mtumba huenda amebeba zima kabisa, lililotupwa Ulaya kwa sababu ya uchafu tu. Yeye nina subira naye. Mkodishaji anayetoza kwa dola kila siku, huku beseni na pasi viko nyumbani kwake, sina.