Neno la Mhariri: Vituo Saba vya Osun

Mjadala kuhusu uchaguzi wa gavana wa mwaka 2018 katika jimbo la Osun, kusini-magharibi mwa Nigeria, umekwama mno kwenye swali la nani aliyeibiwa kura kati ya Ademola Adeleke wa chama cha PDP na Gboyega Oyetola wa APC, ilhali swali zito zaidi, la iwapo kura zilizopigwa baada ya matokeo kujulikana zinaweza kujumlishwa na zile zilizopigwa kabla, limeachwa bila jibu. Toleo hili linalirudisha swali hilo mbele ya wasomaji, na sehemu kubwa ya utangulizi huu ni yake.

Tarehe 22 Septemba 2018 Adeleke alipata kura 254,698 na Oyetola 254,345, tofauti ya kura 353 tu. Kwa kuwa matokeo ya vituo saba, vyenye wapiga kura 3,498 walioandikishwa, yalikuwa yamefutwa, tume ya uchaguzi ilitumia kanuni ya tofauti ya kura, yaani sharti kwamba mshindi asitangazwe iwapo kura anazoongoza nazo ni chache kuliko idadi ya wapiga kura wa vituo vilivyofutwa, na ikautaja uchaguzi kuwa haujakamilika. Siku tano baadaye vituo hivyo vilipiga kura upya, Oyetola akapata kura 1,160 na Adeleke 325, na aliyekuwa nyuma akaibuka mshindi kwa kura 482.

Watetezi wa kanuni hii husema kwamba wapiga kura 3,498 hawawezi kunyimwa sauti kwa kosa lisilo lao. Wanasema kweli, lakini hoja yao inaishia njiani, kwa sababu usawa wa kura hautokani tu na kila mtu kupewa karatasi moja, bali pia na watu wote kupiga kura pasipo yeyote kujua uzito wa kura yake. Mpiga kura wa Orolu au wa Ife Kusini aliyepanga foleni tarehe 27 alijua pengo ni kura 353, na vyama vilijua vilevile. Ndiyo maana Iyiola Omisore wa SDP, aliyeshika nafasi ya tatu, alibishiwa hodi na wakubwa wa pande zote mbili kabla ya kuunga mkono APC. Nguvu ambazo Jumamosi iliyotangulia zilitawanyika katika halmashauri 30 za jimbo zima zilimiminwa zote kwenye vituo saba, na waangalizi, wakiwamo wanadiplomasia wa Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya, waliripoti vitisho dhidi ya wapiga kura. Huo ulikuwa uchaguzi mwingine, wenye wapiga kura wengine na mazingira mengine, na kuujumlisha na ule wa kwanza ni kosa la msingi ambalo ulinzi imara zaidi vituoni usingelirekebisha.

Tiba iko mapema zaidi, kwenye mamlaka ya kufuta. Kura zifutwe na msimamizi wa kituo peke yake, papo hapo na kwa sababu zilizoandikwa, wala si na msimamizi wa majumuisho aliyekwisha kuona hesabu ya jimbo zima. Mahakama ya malalamiko ya uchaguzi, kwa wingi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, ililigusa jambo hili Machi 2019 ilipompa Adeleke ushindi, lakini Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo kwa sababu jaji aliyeiandika hakuhudhuria kikao kimoja cha mashahidi, na Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wawili, ikakubali Julai mwaka huohuo. Hivyo ugavana wa jimbo zima uliamuliwa kwa mahudhurio ya jaji, na uhalali wa kura ya marudio haukupata jibu la mwisho.

Miongoni mwa makala nyingine za toleo hili, ile kuhusu pambano la pili la wagombea haohao mwaka 2022, ambapo Adeleke alishinda kwa kura 403,371 dhidi ya 375,027 na kuthibitishwa na Mahakama ya Juu Mei 2023, inachambua kwa makini ushahidi wa mashine za kuwatambua wapiga kura. Makala kuhusu jimbo la Imo inaeleza jinsi Hope Uzodinma alivyotolewa nafasi ya nne na kupewa ugavana na mahakama Januari 2020. Ulinganisho na kesi ya ugavana wa Meru, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2014, utawafaa wanasheria.

Makala ya mwisho inahusu uchaguzi wa gavana katika jimbo la Adamawa, ambako mwaka 2023 kanuni ileile ilitumika tena katika vituo 69, safari hii kwa kuhesabu kadi za wapiga kura zilizochukuliwa badala ya majina yaliyoandikishwa. Kipimo hicho ni bora, lakini wapiga kura wa vituo hivyo nao walikwenda kupiga kura wakijua kwamba Ahmadu Fintiri wa PDP alikuwa mbele ya Aishatu Binani wa APC kwa kura 31,249.