Mtoto anapoomba dola 70 za ndege ya kompyuta



Juma lililopita, mkutano wa likelemba ulipokwisha, mama mmoja alituuliza swali ambalo wenzake walilicheka. Kijana wake wa mwaka wa tano wa sekondari anataka dola 70 anunue Boeing. “Boeing ya nini, mwalimu, na sisi hata baiskeli hatuna?” Sisi hatukucheka. Katika madarasa yetu tunao wawili watatu wa namna hiyo, na mmoja wao ni msichana.

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Kuna programu za kompyuta zinazoigiza kazi ya rubani. Ile ya Microsoft ilianza kuuzwa mwaka 1982 na mpaka leo inaendelea. Nyingine inayojulikana inaitwa X-Plane. Programu inakuja na ndege zake chache. Kisha makampuni mengine, na hata watu wanaojitolea tu, wanatengeneza ndege za kuongeza juu yake, kama Boeing 737 au Airbus A320. Nyongeza hiyo haishikiki kwa mkono. Ni faili, pamoja na ruhusa ya kulitumia.

Mbona moja ni ya bure na nyingine inafika dola 70? Wengi wetu tungefikiri tofauti ni uzuri wa picha. Kumbe bei iko ndani, mahali anapokaa rubani. Mbele yake kuna tablo, yaani ule ubao wenye saa, taa na vifungo. Katika ndege isiyotengenezwa vizuri, tablo ni kama jiko lililochorwa ukutani: unaliona, lakini halipiki. Nusu ya vifungo havisogei. Katika ndege iliyofanyiwa kazi kweli, kama 737 ya kampuni ya PMDG, mtoto anaweza kuikuta ndege imezimwa kabisa. Inabidi awashe betri, kisha injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa, afungue pampu za mafuta, aandike safari yake katika kompyuta ya ndege, ndipo awashe injini kubwa, moja baada ya nyingine. Akisahau kufungua hewa ya ile injini ndogo, injini kubwa haizunguki, na hakuna wa kumwambia kwa nini. Anarudi kwenye kitabu cha maelezo, ambacho ni kurasa nyingi za Kiingereza. Tumeona kijana aliyekuwa akikimbia somo la Kiingereza akitufuata mwenyewe wakati wa mapumziko, akiuliza maana ya maneno ya tablo.

Na hesabu pia imo. Mfano wa hapa kwetu: ukiiweka ndege chini kwenye uwanja wa Luano, Lubumbashi, haijaruka hata kidogo, saa ya urefu inaonyesha futi 4,300 hivi. Mtoto anasema imeharibika. Haikuharibika. Rubani akiiweka sawasawa kwa hewa ya siku hiyo, saa hiyo inapima kutoka usawa wa bahari, na Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,300 na zaidi. Mwambie azidishe futi hizo kwa 0.3048 aone mwenyewe. Kisha aende Goma, saa ipande kupita futi 5,000, halafu Kinshasa ishuke mpaka 1,000 tu. Jiografia ya Congo tunayoihangaikia ubaoni kwa chaki, inamwingia kwa mchezo.

Lakini mama, usidanganywe upande mwingine. Mchezo wa nyumbani hauzai rubani. Saa anazokaa mbele ya kompyuta haziandikwi katika kitabu cha saa za rubani. Shule za urubani zina mashine zao zilizokaguliwa na kupewa kibali. Kijana akikuambia “hii ndiyo masomo yangu ya urubani”, mjibu kwamba hesabu na fizikia za darasani ndizo zitamfungulia mlango huo.

Halafu dola 70 si bei yote. Ile programu ya Microsoft ya mwaka 2020 yenyewe inaomba gigabaiti 150 za nafasi, na inavuta picha za nchi kwa intaneti wakati mtoto anacheza. Tunajua mega zinavyokwisha kwetu kwa kutazama video chache tu. Kompyuta ya zamani haiiwezi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo au hapana, muulize: ndege hii inakaa juu ya programu gani, na hiyo programu tunayo? Wengi hawana jibu.

Tunachoogopa zaidi ni kile kinachofuata jibu la hapana. Mtoto anaenda kwa rafiki, au kwenye siberi, anarudi na ndege ileile katika flashi, bure, kufuli lake likiwa limevunjwa. Mara nyingi inakuja na agizo: zima antivirusi kwanza. Mama, agizo hilo ni kama mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia. Mwezi wa pili mwaka 2018 wachezaji waligundua kwamba Airbus A320 ya kampuni ya Flight Sim Labs, iliyouzwa kihalali, ilibeba ndani yake programu ndogo yenye uwezo wa kutoa maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika Chrome, ile programu ya kufungulia intaneti. Kampuni ilijitetea kwamba ilimlenga mwizi mmoja, si wanunuzi. Kelele zilipozidi ikaiondoa na kuomba radhi. Ikiwa muuzaji mwenye jina linalojulikana alifanya hivyo, je, yule asiye na jina aliyevunja kufuli ameweka nini? Na katika kompyuta hiyohiyo ndimo vikundi vyetu vingine vinaandika michango ya wanachama na kufungulia barua zao.

Kuna njia ya katikati. Kwa mwenye programu ya Microsoft tayari, kikundi cha kujitolea kinachoitwa FlyByWire kimetengeneza Airbus A320neo ambayo tablo yake inafanya kazi kweli, na ni ya bure. Kwa asiye nayo, kuna FlightGear. Hiyo ni bure yote, programu pamoja na ndege zake, na ruhusa yake inakubali mtu kumnakilia mwenzake. Si nzuri kwa macho kama ile ya Microsoft, watoto watalalamika. Ila ni ndogo zaidi sana, na ukishavuta ramani za eneo unalotaka, inaendelea hata mega zikiisha. Aanze na Cessna 172 iliyomo, ndege ndogo ya injini moja yenye saa chache. Ivutwe mara moja tu kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kisha watoto wa kikundi wapitishiane kwa flashi, antivirusi ikiwa imewashwa.