Gari la okazyoni na sanduku la kanisa: tutoe ngapi?



Swali moja linarudi siku hizi katika kamati nyingi za makanisa yetu: tununue gari? Na kama tunanunua, tutoe ngapi? Parokia yetu imelikalia swali hilo mara tatu. Ninaandika nikiwa mhusika, kwa maana gari lenyewe ni la kunibeba mimi.

Kwa nini swali limekuja sasa? M23 walipoingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, benki zilifunga milango. Tangu hapo makanisa mengi yanaweka sadaka nyumbani kwa mtunza hazina. Mtunza hazina halali vizuri. Anaogopa wezi, anaogopa panya, tena anajua kwamba noti ya dolari iliyopasuka kidogo tu haipokelewi sokoni. Basi mtu anawaza: afadhali pesa igeuke chuma. Wazo hilo linaeleweka, lakini hapo anayenunua ni woga. Gari nalo linaibiwa, linanyang'anywa njiani, na bei yake inashuka kila mwaka.

Bei na gharama ni vitu viwili

Tuliona RAV4 iliyotoka Japani. Muuzaji aliomba dolari 7,500, na sanduku letu lilikuwa na dolari 9,000. Ndugu mmoja wa kamati akafurahi: "Mchungaji, Bwana amejibu, hata ya mafuta inabaki!" Tukachukua kalamu. Dolari 200 kila mwezi kwa mafuta na matunzo, hiyo ni 2,400 kwa mwaka. Mipira minne na amortisa, 700. Plake, bima, vinyeti na karatasi nyingine, 400. Jumla 3,500. Kumbe gari la 7,500 lingetula 11,000 katika mwaka wa kwanza, nasi hatukuwa nazo.

Kuna na jambo la usukani. Magari mengi ya Japani yanashukia Mombasa ao Dar es Salaam, katika nchi ambako watu wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kuume. Dereva aliyeketi kuume akitaka kupita lori kwenye mlima, anayeona mbele ni abiria wa kushoto. Anayenunua gari la namna hiyo ajue kwamba anahitaji dereva mwenye subira. Na kabla ya kulipa, hati za forodha zisomwe zote, maana ushuru usiolipwa na muuzaji utamngojea mnunuzi.

Raha ya nani?

Nina miaka 46. Miaka mingi ya kupanda moto kwenda vikanisa vya milimani imeniachia maumivu ya mgongo. Sioni aibu kutamani kiti kizuri. Lakini mama mmoja mzee wa kanisa aliniuliza: "Mchungaji, hiyo raha ni ya mgongo wako ao ya macho yetu?" Swali lake lilitufungua. Mgongo unahitaji amortisa nzima, mipira mizuri, kiti kisichobonyea na gari lililoinuka juu ya mawe. Rangi inayong'aa na mwaka mpya ni vya macho. Hata hewa baridi ya ndani: Uvira na bonde la Ruzizi inasaidia kweli, Butembo na baridi yake utaifungulia nini? Gari la zamani lenye amortisa mpya linaweza kumbeba mtu vizuri kuliko jipya lililochoka chini.

Tena gari la parokia halina abiria mmoja. Usiku litabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, kesho litabeba mgonjwa, kesho kutwa jeneza. Raha yao nayo ihesabiwe.

Tulivyoamua

Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, na anatuonyesha kwamba hesabu inatangulia jiwe la kwanza. Tulifanya hesabu kwa kuanzia nyuma. Katika dolari 9,000 tulitoa kwanza 1,500 za wajane na jamaa zilizokimbia vita, ambazo haziguswi. Kisha tulitoa 3,500 za mwaka wa kwanza. Zikabaki 4,000. Hiyo ndiyo bei yetu ya mwisho, hata muuzaji akilia.

Wengine walisema gari la 4,000 litakuwa rahisi ghali. Hofu yao ni ya haki, kwa hiyo tuliongeza sharti: fundi wetu, asiyepata kamisyo kwa muuzaji, alikague na kuliendesha kwenye barabara mbaya kabla hatujatoa hata franka moja. Tukikosa, tutakodi gari kwa safari kubwa na kungoja.

Ndugu wa kamati, fanyeni vivyo hivyo: toeni kwanza fungu la wahitaji, kisha gharama ya mwaka mzima, na kinachobaki ndicho bei. Wachungaji wenzangu, tutoke nje ya chumba wakati kamati inapiga kura juu ya gari letu. Mimi nilitoka, na haikuwa rahisi.

Mpaka leo hatujalipata. Jumapili nilipanda tena moto. Mgongo uliuma, lakini fungu la wajane lilitolewa kwa wakati wake.

Bwana atupe hekima ya kuhesabu.