Ripoti Iliyofutwa Sebuleni

Katika nyumba nyingi za Japani, tangu mwaka 1996, ilizoeleka mama kumwita mtoto mezani akajibiwa kwamba asubiri kidogo, maana ripoti bado haijaandikwa. Mgeni asiyejua mambo angedhani kwamba mtoto huyo ni karani wa ofisi au askari wa zamu. Kumbe ameinamia mashine ndogo ya mchezo, iliyomtosha viganjani, na hayuko tayari kuizima kabla safari yake haijahifadhiwa. Katika mchezo uitwao Pokémon, tendo la kuhifadhi halikupewa jina la kifundi. Kwa Kijapani huitwa kuandika ripoti, na wale ambao siku zao hupimwa kwa daftari la matukio watalielewa neno hilo upesi kuliko raia wengine.

Mashine yenyewe, Game Boy, ilitolewa na kampuni ya Nintendo tarehe 21 Aprili 1989 kwa bei ya yeni 12,500. Kikosi cha wahandisi walioibuni kiliongozwa na Yokoi Gunpei. Haikuwa na rangi. Kioo chake kilionyesha vivuli vinne tu, tena bila taa, hata ikambidi mtoto ajisogeze dirishani jua linapotua. Ilikula betri nne ndogo kwa mara moja, na wazazi walilalamika sana juu ya gharama hiyo. Lakini ilikuwa imara kupita kiasi. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, mashine moja ya askari wa Marekani iliungua uso wake wote kambi ilipopigwa bomu. Mafundi walipoijaribu, waliikuta ingali hai, na kwa miaka mingi iliwekwa dukani mjini New York ikichezesha mchezo wake mbele ya watazamaji, plastiki yake ikiwa imeyeyuka kama nta.

Michezo ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akatembea nchi ngeni na kukua nguvu hatua kwa hatua, ilikuwa imekwisha kuwateka Wajapani kabla ya mashine hiyo kuzaliwa. Mwaka 1986 Horii Yuji alitoa Dragon Quest, uliochezwa kwa kuunganishwa na televisheni. Huko hapakuwa na ripoti. Aliyetaka kupumzika alipewa mfuatano wa herufi 20, naye aliunakili kwa mkono katika karatasi. Kesho yake aliuingiza tena ili aendelee. Herufi moja ikikosewa, safari imepotea. Ni watoto wangapi waliojifunza mwandiko safi kwa sababu hiyo, walimu wao hawakupata kujua! Sehemu ya tatu ya mchezo huo, iliyotoka siku ya Jumatano tarehe 10 Februari 1988, ilitia betri ndogo ndani ya kaseti ili ikumbuke yenyewe. Siku hiyo watu walipanga foleni ndefu madukani, na polisi wakawakuta humo watoto wengi waliopaswa kuwa darasani.

Pokémon ulikuja baadaye, tarehe 27 Februari 1996. Mwasisi wake, Tajiri Satoshi, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, na utotoni alipenda kukusanya wadudu. Mashamba na madimbwi alimowatafuta yalimezwa na majengo. Alipoiona waya inayounganisha Game Boy mbili, alimwaza mdudu akitambaa ndani yake kutoka mkono wa mtoto mmoja kwenda wa mwingine. Wazo hilo lilimchukua yeye na wenzake takriban miaka sita kulikamilisha, na kwa muda kampuni yao ilikaribia kufilisika.

Mchezo huanza nyumbani, jambo linalostahili kuangaliwa. Mvulana yuko chumbani kwake ghorofani. Chini yupo mama yake. Baba haonekani. Mvulana hukabidhiwa na Profesa mmoja kiumbe wake wa kwanza, akichagua kati ya watatu: wa majani, wa moto na wa maji. Maji huzima moto, moto huunguza majani, na majani hunywa maji, hivyo hakuna uchaguzi ulio bora daima. Huondoka akapita nyasi ndefu, msituni na mapangoni, akiwakamata viumbe wengine, asibebe zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Kila pambano huenda kwa zamu. Mtoto husoma maneno, hupiga hesabu ya nguvu iliyobaki, kisha huamua. Hakuna haja ya haraka ya vidole. Anayefikiri polepole hapotezi kitu. Katika miji minane hukutana na walimu wanane wa mapambano, na kila anayemshinda humpa nishani. Akichoka njiani na kurudi nyumbani, mama humwambia apumzike, na viumbe wake wote huamka wazima. Mchezo uliofuata, wa mwaka 1999, ulimpa mama kazi nyingine: humwekea mwanawe akiba sehemu ya fedha anazoshinda, na mara nyingine huzitumia kumnunulia kitu bila kumwuliza. Wamama wengi watakubali kwamba mtungaji aliwafahamu.

Kulikuwa na kaseti mbili, Nyekundu na Kijani, kila moja kwa yeni 3,900, na hakuna iliyokuwa na viumbe wote. Scyther alipatikana katika Nyekundu tu, na Pinsir katika Kijani tu. Hila ya biashara? Ndiyo, kwa sehemu; mzazi wa watoto wawili aliihisi mfukoni. Lakini kwa njia hiyo mchezo ulimtoa mtoto chumbani akamtafute mwenzake mwenye waya. Tena wapo viumbe wasiokomaa kamwe mikononi mwa bwana wao. Kadabra, ambaye Wajapani humwita Yungerer, hata akifikia kiwango cha juu kabisa hubaki Kadabra, mpaka siku atakapopitishwa ndani ya waya kwenda kwa mtu mwingine. Huko ndiko hugeuka kuwa Alakazam.

Chukulia sasa nyumba moja ya ghorofa, yenye vyumba viwili na sebule, na ndugu wawili wa kiume. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Mdogo ana mitano. Kaseti ni moja, Nyekundu, na ni ya mkubwa, aliyeweka posho yake kwa miezi kadhaa. Ameandika ripoti yake kila jioni tangu majira ya kuchipua. Siku ya Ijumaa, nyumbani kwa mwanafunzi mwenzake, amempitisha Kadabra wake wa kiwango cha 40 ndani ya waya, naye amegeuka Alakazam. Kabla hajarudishwa, mama wa rafiki ametangaza kwamba chakula ni tayari na kila mtu aende kwao. Wamepatana kurudishiana siku nyingine.

Jumamosi asubuhi mkubwa ametumwa dukani. Mdogo ameichukua mashine. Amemwona kaka yake akibonyeza kitufe kilekile cha kukubali mara elfu, naye anabonyeza vivyo hivyo. Ameanza safari mpya, amejichagulia kiumbe wa moto, amefurahi mno. Kisha, kwa sababu kaka yake hufanya hivyo siku zote kabla ya kuzima, ameandika ripoti.

Kaseti hiyo hukumbuka ripoti moja tu. Haikumnyamazia: iliandika kiooni kwamba ripoti ya zamani itafutwa, ikauliza kama ndivyo atakavyo. Mchezo mzima umeandikwa kwa herufi nyepesi za Kijapani, zile wanazoanza nazo watoto, bila alama ngumu za Kichina. Lakini mtoto wa miaka mitano anazijua herufi chache tu, na swali kwake lilikuwa mchoro. Alibonyeza kukubali.

Mkubwa aliporudi na kuiwasha mashine hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akaizima, akaiwasha tena, kana kwamba mara ya pili ingejibu vingine. Ndipo akalia, na mdogo naye akalia kwa kumwona mwenziwe, bila kujua kosa lake.

Baba, aliyerejea jioni, alisema kwamba ni mchezo tu na kwamba angeweza kununua kaseti nyingine. Nia yake ilikuwa njema, lakini hakulenga. Kaseti ilikuwa nzima; kilichopotea hakiuzwi popote. Miezi ile ilikuwa kazi, yenye mipango na makosa na subira, na kijana aliyeambiwa kwamba kazi yake si kitu hufunga mdomo mbele ya aliyemwambia. Mama alikwenda polepole zaidi. Alimwomba mkubwa amweleze mmoja mmoja viumbe aliokuwa nao, akawaandika nyuma ya kalenda: jina, kiwango, mahali alipokamatwa. Ilichukua muda mrefu, na chai ilipoa. Kisha akasema, “Mdogo wako hakukusudia. Wala wewe hukosei kulia. Mambo hayo mawili yakae pamoja humu ndani leo.”

Katikati ya orodha hiyo mkubwa alikumbuka kwamba Alakazam hakuwamo katika kaseti.

Iliwabidi kungoja. Mwenye kuanza upya hawezi kutumia waya mpaka Profesa amkabidhi daftari la viumbe, na kwa hiyo alianza upya siku ileile, kwa jina lilelile, mdogo wake akiwa pembeni. Wiki iliyofuata waya iliunganishwa. Rafiki alimtoa Alakazam, naye akapokea ndege mdogo wa kiwango cha 3, akasema si kitu. Katika maelezo ya Alakazam palikuwa bado pameandikwa jina la aliyemkamata kwanza. Katika kaseti yote, ni huyo peke yake aliyebakia na ushahidi wa miezi ile.

Lakini mchezo haumtambui bwana kwa jina tu. Kila anayeanza safari hupewa namba yake, kama askari, na namba ya safari mpya haikuwa ile ya zamani. Kwa hesabu ya kaseti, mvulana huyo alikuwa mgeni mwenye jina linalofanana. Kiumbe wa kiwango cha 40 aliyetoka kwa mwingine hamtii mtu asiye na nishani za kutosha: husinzia katikati ya pambano, hupuuza amri, hugeukia upande mwingine. Nishani ya pili hutosha kwa kiwango cha 30 tu. Ni ya nne, inayotolewa katika mji wa Tamamushi na mwalimu wa kike afugaye viumbe wa majani, inayofikisha utii kiwango cha 50.

Alimbeba hivyo hivyo njia nzima, akiwa wa sita katika sita, bila kumwita vitani. Mdogo alipewa kazi: kila swali lilipotokea kiooni alilisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na kitufe hakikuguswa mpaka amalize. Ilipunguza mwendo sana, na mara mbili betri zilikwisha kabla ya ripoti kuandikwa, wakarudia kipande kizima. Huko Tamamushi, walipoipata nishani, mkubwa alitoka nje ya mji, akaingia nyasini, akamwita Alakazam. Mdogo aliisoma amri. Alakazam aliitekeleza.