Bei ya Soko, Soko Gani?

UPEPO WA KUSI
Na Somoe Chinduli

Mzazi mwenzangu alitoka Njombe akapita Songea, Tunduru na Masasi, siku mbili ndani ya basi, kuja Mtwara kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja na mkewe na gunia la viazi, na kabla hajavua viatu mlangoni kwangu alishasema haja yake: aione bahari, ambayo alikuwa hajaiona tangu azaliwe, kisha ale samaki aliyetoka humo.

Jumapili tukawapeleka ufukweni. Mahali palichaguliwa na mwanangu, kwa kuwa picha za pale zinapendeza kwenye simu. Dereva wa bajaji tunayemwita Waziri wa Mashimo alitushusha getini, akatazama ndani, akaniambia, "Mama, hapa watu wanakuja kupiga picha. Kula wanakula kwingine." Nilimjibu kwamba leo nina wageni. Ilinipasa nimsikilize.

Menyu ilikuwa na bei za safu mbili. Safu ya dola ilikuwa imepakwa wino mweupe, lakini ukiiinamisha karatasi kwenye mwanga namba bado zinasomeka. Serikali ilipiga marufuku kupanga bei kwa fedha za kigeni Machi 2025, kwa hiyo dola ikafutwa, na shilingi iliyobaki ikarithi tabia zake zote. Mbele ya changu hapakuwa na namba hata moja. Paliandikwa: bei ya soko.

Nikamwuliza kijana aliyekuwa akituhudumia, leo soko linasemaje? Akanitazama mimi, akamtazama mzee wa Njombe na koti lake la kanisani, akasema anakwenda kuuliza jikoni. Aliporudi alirudi na samaki, tayari wamekaangwa.

Sasa niambieni. Mbele ya mzazi mwenzio, mtu aliyekupa mkwe, utasimama ugombee bei ya kitoweo? Huwezi. Utakaa, utatabasamu, utamkaribisha mgeni anawe. Na wenye mgahawa wanalijua hilo kuliko wanavyojua kupika. Haya zetu ndizo mtaji wao.

Changu walikuwa wawili kwa watu wanne. Wali ulikuwa umepoa. Madafu yalikuja yamechomekwa mrija na ua la bogenvilia, na mwenye kuyauza alikuwa ng'ambo ya ua wa miti, hatua 20 kutoka mezani petu, na baiskeli yake. Nilimwona akimkabidhi mhudumu. Mzee akaomba kahawa. Akaletewa kikombe cha maji ya moto, na pembeni ya kisahani paketi moja ya kahawa ya unga, ile ya dukani, aichane mwenyewe. Akaigeuzageuza ile paketi kama mtihani ambao hakuufundisha.

Bili ilikuja kwenye kipande cha karatasi. Changu wawili, 90,000. Wali sahani nne, 24,000. Madafu manne, 16,000. Kahawa, 5,000. Chini yake "huduma", 13,500. Jumla shilingi 148,500. Nililipa mimi, ingawa mzee alikwisha kuifungua leso yake na kuanza kuzinyoosha noti moja moja juu ya goti.

Hayo yote ningeyameza. Lakini tulipokuwa tunatoka akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kumkwaza mwenyeji: "Mama, kumbe huku kwenu samaki ni adimu kiasi hiki?"

Adimu! Mtwara! Sikulala.

Jumatatu alfajiri nikamchukua mzee tukaenda Feri, kwenye soko la samaki. Mashua zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia. Nilimsimamisha kwenye mnada, mbele kabisa, miguu yake majini, akawaona changu, pono, tasi na pweza wakimwagwa kwenye turubai na dalali akipandisha bei mia tano mia tano. Tukanunua changu wawili, na nina hakika ni wakubwa kuliko wale wa jana, kwa shilingi 18,000. Kina mama wakawapara, wakawakaanga palepale kwenye karai kubwa, ugali wa muhogo ukafuata, madafu yakafuata, na mwanangu na mama mkwe wake wakatukuta kwenye benchi. Watu walewale wanne, tumbo hadi juu: 30,000. Hilo ndilo soko. Nimelitafuta lile jingine linalouza changu mmoja 45,000 na bado sijalipata.

Najua mtaniandikia kwamba Nungwi, kule Zanzibar, ni hivi hivi au zaidi. Nungwi wanashuka wageni wa Ulaya kila siku ya Mungu, na wao wenyewe watajuana nao. Mtalii wetu sisi ni mwalimu mstaafu wa Njombe, ni muuguzi wa Masasi aliyepata likizo, ni familia ya Dar iliyokuja msiba ikaongeza siku mbili. Huyo ndiye anayekamuliwa.

Chanzo chake nakijua. Bei hizi zilizaliwa miaka ile ya gesi, pale kila mwenye kiwanja karibu na maji alipojenga akingoja wageni wa visima wenye dola mfukoni. Bomba likakamilika 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam, wageni wengi wakafunga mabegi. Bei hazikufunga mabegi. Zimekaa zinangoja mtu, na anayetokea ni mzazi mwenzangu.

Na mvuvi hapati kitu humo. Kule Msimbati wanavua kwa masharti tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilipoanzishwa mwaka 2000. Nyavu za macho madogo hawaruhusiwi, wanavumilia, samaki wazaliane. Kisha yule samaki aliyevumiliwa anauzwa kwa bei mara tano kwa sababu tu kiti kinatazama bahari. Bahari ile haikujengwa na mgahawa.

Jumanne nikawapeleka Mikindani. Watu huenda pale kuonyeshwa alikopita Livingstone 1866, na Boma la Wajerumani la 1895. Tuliyaona. Lakini mzee alichokumbuka ni kibaraza cha wazee wenzake, birika la shaba juu ya makaa, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na kipande cha kashata. Alikunywa vikombe vitatu. Muuzaji alikuwa akivigonganisha vikombe viwili mkononi, na mzee akaomba afundishwe kuvigonganisha. Nilipotaka kulipa nikaambiwa mgeni ameshalipiwa, na sikuonyeshwa ni nani aliyelipa.

Njiani tukanunua ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, fungu moja na pilipili na chumvi kwenye karatasi. Nikamwonyesha kuivua ganda kwa meno na kuacha nyuzi zake. Akala fungu zima akauliza mbona kwenye ile menyu ya Jumapili haikuwamo. Kwenye ile menyu ya kurasa nane, yenye piza na baga, hakikuwamo chakula hata kimoja ambacho bibi yangu angekitambua. Mgeni angeweza kukaa pale wiki nzima akaondoka hajui kwamba kuna ming'oko, kuna mabibo, kuna chukuchuku ya samaki wa asubuhi. Hilo linaniuma kuliko ile laki na arobaini na nane na mia tano.

Kuanzia sasa mgeni wangu ataoneshwa bahari bure na atalishwa Feri. Na popote nitakapoona "bei ya soko" nitauliza namba kabla samaki hajagusa mafuta, hata nikiwa nimeketi na wakwe saba.

Mzee ameondoka Alhamisi na ng'onda kwenye gunia lilelile lililoleta viazi. Ile karatasi ya bili ninayo mimi. Imechanwa kwenye daftari la shule, mistari ya bluu inaonekana. Haina jina la mgahawa, haina tarehe, haina namba ya mlipakodi, wala haikutoka kwenye mashine yoyote. Mwenye mgahawa akitaka kunijibu, ukurasa huu uko wazi. Aje na risiti.